Sheikh Abdallah Saleh Farsy: Mwalimu Aliyejua Kusahihisha



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba zake na wote waliowafuata kwa wema.

Ndugu zangu wanafunzi, muhula uliopita nilirudishiwa insha yangu ya kurasa kumi na nane. Juu ya ukurasa wa kwanza paliandikwa 11/20 kwa wino mwekundu, basi. Nikafungua kurasa moja moja mpaka ya mwisho nikitafuta neno, mstari, hata alama ya kuuliza pembeni. Sikuona kitu. Sikujua nimekosea wapi, wala sikujua nilipopatia ni wapi. Insha ile niliifanyia kazi wiki tatu. Nikaikunja nikaitia chini ya begi, na kwa siku kadhaa nikawa najiuliza kama kweli elimu hii ni ya watu kama mimi.

Likizo ilipofika nikarudi nyumbani Kamembe, hapa Rusizi, na kama kawaida nikaombwa kusaidia kusomesha madrasa ya Jumamosi. Siku hiyo mtoto mmoja wa miaka kumi alisimama kunisomea Fatiha. Wengi wetu tuliolelewa katika Kinyarwanda tunaijua shida yake: ulimi wake huigeuza lamu kuwa ra. Alipofika aya ya pili, pale herufi hizo mbili zinapokutana jirani, nikamwambia amekosea. Akarudia, nikamwambia amekosea. Mara ya tatu wenzake wakacheka. Mimi nikamwandikia sifuri kwenye daftari lake, nikamwita anayefuata. Jumamosi iliyofuata hakuja. Iliyofuata tena hakuja.

Babu yangu, ambaye hujua habari za msikitini kabla hazijatoka msikitini, akaniita jioni. Akaniuliza mtoto yule alikosea herufi gani, na mimi nilimwonyesha vipi kuitamka. Nikajibu kwamba nilimwambia amekosea, mara tatu. Babu hakunigombeza. Aliingia ndani akarudi na msahafu wake wenye tafsiri ya Kiswahili, ule ambao jalada lake limeshikwa na gundi, akaniwekea mapajani. Akaniambia kwamba aliyeiandika tafsiri ile alikuwa mwalimu wa watoto wadogo kabla hajawa kadhi, na kwamba nikasome maisha yake kisha nimrudie.

Nimesoma. Haya ndiyo niliyoyapata, na nimeona yasiishie kwangu na kwa babu peke yetu.

Mtoto wa Unguja

Sheikh Abdallah bin Saleh al-Farsy alizaliwa Unguja mwaka 1912. Wakati huo mji wa Zanzibar ulikuwa kama chuo kikuu kisicho na uzio. Wanafunzi walitoka Lamu, Mombasa, Ngazija, Bagamoyo na bara kuja kukaa mbele ya wanavyuoni wake. Waliokuwa juu ya wote walikuwa wawili, Sayyid Ahmad bin Sumait, kadhi mwenye asili ya Ngazija, na rafiki yake Sheikh Abdallah Bakathir, aliyezaliwa Lamu akaja kuanzisha madrasa Unguja. Wote wawili walifariki mwaka 1925, Abdallah akiwa kijana wa miaka kumi na mitatu. Lakini elimu yao haikuzikwa nao. Ilibaki kwa watoto wao na wanafunzi wao, akiwemo Sheikh Abubakar mtoto wa Bakathir, na Sayyid Umar mtoto wa Sayyid Ahmad. Kwenye mikono ya tabaka hiyo ndipo kijana Abdallah aliposoma.

Ni vizuri tukumbuke walivyokuwa wakisoma, kwa sababu ndiyo siri ya jambo lenyewe. Mwanafunzi hukaa mbele ya sheikhe na kitabu, tuseme Ajurumiya katika nahau au Minhaji ya Imam Nawawi katika fikihi. Husoma yeye kwa sauti, si sheikhe. Akikosea irabu, sheikhe humsimamisha hapo hapo. Humtaka arudie. Akishindwa, humweleza kwa nini neno lile linachukua dhamma na si fat-ha, halafu humtaka arudie tena. Hawasogei mpaka jambo limekaa. Ijaza aliyopewa mtu mwishoni haikuwa alama juu ya karatasi. Ilikuwa ushahidi wa mwalimu kwamba nimemsikia mtu huyu neno kwa neno, nimemsahihisha, na sasa namwamini awasomeshe wengine.

Kwa maneno ya siku hizi ya vyuoni, huo ni mrejesho. Sisi tunauita jambo jipya la kitaalamu, na semina zinafanywa juu yake. Wazee wetu walikuwa nao kila siku baada ya sala ya Alasiri, wamekaa juu ya mkeka.

Mwalimu mwingine aliyemgusa sana Sheikh Abdallah alikuwa Mombasa: Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891 na kufariki 1947. Huyu alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na la al-Islah mwaka 1932, akiwaandikia Waislamu wa pwani kwa Kiswahili chao juu ya dini, elimu, usafi, uvivu na mambo yaliyowarudisha nyuma. Baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kwa Sheikh al-Amin, kijana wa Unguja alijifunza kwamba umma mzima nao ni darasa, na kwamba mwenye kuona kosa la watu wake analazimika kulieleza kwa lugha wanayoielewa.

Mwalimu wa skuli na mkaguzi

Sheikh Abdallah hakuishia kwenye darsa za msikitini. Alisoma pia katika skuli za serikali, akasomea ualimu, na katika miaka ya 1930 akaanza kufundisha katika skuli za msingi za Unguja. Hapa ningependa tusimame kidogo. Tunapomtaja leo tunataja tafsiri yake ya Kurani na ukadhi wake. Tunasahau kwamba sehemu kubwa ya ujana wake aliitumia na watoto wa skuli, kwenye ubao na chaki na madaftari ya kusahihisha. Alifanya kazi hiyo hiyo ninayoifanya mimi Jumamosi pale Kamembe.

Mwaka 1947 alifanywa mkaguzi wa skuli za Unguja na Pemba, kazi aliyoifanya mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Baadaye akasimamia skuli iliyosomesha kwa Kiarabu. Fikiria kazi ya mkaguzi, hasa wakati ule. Unafunga safari, pengine ya bahari mpaka Pemba na ya miguu baada ya hapo, unafika skuli ya shamba, unaingia darasani na kukaa nyuma. Unamsikiliza mwalimu ambaye mikono yake inatetemeka kwa kukuona. Likiisha somo, mnabaki wawili. Ukimwambia tu kwamba somo ni baya, umepoteza safari yako, na yeye umempotezea moyo wake. Ukimwambia kwamba somo ni zuri kwa sababu unamhurumia, watoto wake wataumia mwaka mzima. Huna budi kumwachia jambo moja au mawili atakayoyafanya kesho asubuhi, wewe ukiwa umeshaondoka.

Nadhani ni miaka hiyo iliyomfanya awe mwandishi aliyekuwa. Ukichukua vitabu vyake vidogo vya sala, saumu, ndoa na talaka, na vile vya maisha ya Mtume (S.A.W.) na Makhalifa, utauona mkono wa mwalimu wa darasa la nne. Anajua msomaji atakwama wapi. Anaeleza hukumu, kisha anaeleza watu wanavyoikosea, kisha anaonyesha iwe vipi. Hakuandika kwa Kiarabu ili wanavyuoni wenzake wamsifu, ingawa Kiarabu alikuwa nacho. Aliandika kwa Kiswahili cha mtu aliye nyumbani kwake.

Kitabu cha walimu

Mwaka 1944, akiwa bado mwalimu wa skuli, aliandika kitabu kuhusu baadhi ya wanavyuoni wa Kishafii wa Mashariki ya Afrika. Kilichapishwa tena Mombasa mwaka 1972, na mwaka 1989 kikatolewa kwa Kiingereza huko Marekani. Leo hakuna mtafiti wa historia ya Uislamu wa pwani anayeweza kukiruka.

Mimi nilichokiona ndani yake ni kwamba karibu kila mtu anatajwa pamoja na walimu wake na wanafunzi wake. Fulani alisoma kwa fulani, akasomesha fulani na fulani. Mwanachuoni hatajwi kama mti uliojiotea peke yake porini. Na mwandishi hakuficha daraja za watu, alisema nani alikuwa bingwa wa fani gani. Hilo lenyewe ni adabu ya kusahihisha, kumjua mtu kwa undani kiasi cha kuweza kusema nguvu yake iko hapa. Mwalimu asiyeweza kutaja jambo moja zuri la mwanafunzi wake bado hajamsoma.

Tafsiri ya Kurani

Sasa tuje kwenye kazi kubwa ya maisha yake, ile iliyo kwenye mapaja yangu ninapoandika.

Tafsiri ya kwanza kamili ya Kurani kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1923, na mfasiri wake hakuwa Muislamu. Alikuwa padri Godfrey Dale wa misheni ya Kianglikana iliyokuwa Zanzibar, na lengo lake kubwa lilikuwa kuwasaidia wahubiri wa Kikristo kuijua dini waliyokuwa wakishindana nayo. Mwaka 1953 ikatoka nyingine Nairobi, ya jumuiya ya Ahmadiyya, chini ya Mubarak Ahmad. Wanavyuoni wa Kisunni wa pwani hawakuikubali, hasa katika habari ya kukoma kwa utume na habari za Nabii Isa (A.S.).

Basi Waislamu wa Afrika Mashariki walikuwa na tafsiri mbili mkononi, na hakuna hata moja waliyoiridhia. Ilikuwa rahisi kusimama kwenye mimbari kila Ijumaa na kusema vitabu vile ni vibaya, watu wasivisome. Wapo waliofanya hivyo, na si kosa. Lakini mtu aliyezuiwa kitabu bila kupewa kingine amebaki mikono mitupu. Sheikh al-Amin alikuwa ameianza kazi ya kufasiri lakini umri haukumruhusu kuimaliza. Sheikh Abdallah akaichukua kazi hiyo begani.

Alianza kutoa sehemu ndogo ndogo katika miaka ya 1950, watu wakazisoma, wakauliza, naye akaendelea. Kitabu kizima, Qurani Takatifu, kilitoka mwaka 1969 kwa Islamic Foundation ya Nairobi. Katika utangulizi wake aliwajibu Waahmadiyya moja kwa moja, akitaja aya na kueleza pale alipoona wamekosea. Kalamu yake hapo ni kali, na wenyewe nao walimjibu. Lakini hata msomaji asiyependa ukali ataona jambo moja, nalo ni kwamba hakuacha neno lake likining'inia. Aliposema hapa pamekosewa, alionyesha ni aya gani, na neno gani, na lipi lililo sawa kwa maoni yake, na kwa hoja gani. Kisha akaweka mbele ya watu kazi yake mwenyewe ya aya zote, ili naye asahihishwe.

Na kweli akasahihishwa. Wengine walifasiri baada yake, akiwemo Sheikh Ali Muhsin Barwani ambaye tarjama yake ilitoka mwaka 1995. Hakuna mfasiri aliyefunga mlango. Lakini kila aliyekuja baadaye alianzia pale Sheikh Abdallah alipofikia.

Kwetu Rwanda jambo hili lina uzito wake. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017, lakini misikitini kilikuwa rasmi tangu zamani za mababu. Wazee wa Kamembe na Bugarama ambao hawakufika skuli ya sekondari walisoma maana ya Kurani kwa sababu mwalimu mmoja wa Unguja alikubali kukaa miaka mingi na kalamu.

Ukadhi, kuhama na kufariki

Mwaka 1960 Sheikh Abdallah alifanywa kadhi wa Zanzibar. Miaka minne baadaye yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, na mji aliokulia ukabadilika. Wanavyuoni wengi walitawanyika. Yeye aliondoka mwaka 1967 akahamia Kenya, na mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa nchi hiyo, akimfuatia Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, mwanafunzi mwenzake wa Sheikh al-Amin. Alikaa katika cheo hicho mpaka mwaka 1981.

Katika miaka hiyo ya mwisho aliandika pia dhidi ya mambo aliyoyaona kuwa ni bidaa katika desturi za Waislamu wa pwani. Hapa alipingwa, tena na watu wa elimu na heshima, na mjadala huo unaendelea mpaka leo katika misikiti yetu. Sikusudii kuuamua katika kurasa hizi. Ninachosema ni kwamba mtu aliyezoea kusahihisha wengine alikubali kuishi na kusahihishwa hadharani, hakuvunjika wala hakuiweka kalamu chini.

Alipostaafu alikwenda Oman, na huko Muscat alifariki Novemba 1982, akiwa na umri wa miaka sabini. Mwenyezi Mungu amrehemu, ayakubali mema yake na amsamehe makosa yake.

Tuliyo nayo sisi

Nilipofika hapa nilimrudia babu, nikamweleza yote haya. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanikumbusha hadithi ambayo nimeisoma darasani mara nyingi bila kuiona. Ni ile iliyopokewa na Abu Huraira (R.A.), imo katika Bukhari na Muslim. Mtu mmoja aliingia msikitini akasali mbio mbio, akaja kumsalimia Mtume (S.A.W.). Mtume akaitika salamu yake, kisha akamrudisha akasali tena, kwani hakuwa amesali. Akarudi akasali vile vile. Ikawa mara tatu. Mwishowe yule mtu akakiri kwamba hajui zaidi ya hapo, akaomba afundishwe. Ndipo Mtume (S.A.W.) akamfundisha hatua kwa hatua, kuanzia takbira, kisomo, rukuu kwa utulivu, kuinuka, kusujudu, na kadhalika katika sala yote.

Babu akaniambia kwamba mimi nimeichukua nusu ya kwanza ya hadithi, ile ya kumrudisha mtu mara tatu, nikaiacha nusu ya pili. Sikuwa na la kujibu.

Basi nimejiandikia mambo manne, nanyi mkiona yanafaa yachukueni. Wengi wetu tunasomesha madrasa, tunasaidia wadogo zetu, tunasomeana kazi kabla ya kuzipeleka, na inshallah baadhi yetu tutakuwa walimu na wahadhiri.

La kwanza, taja mahali. Kumwambia mtu kwamba kazi yake ni dhaifu hakumfundishi kitu. Mwambie aya ya tatu ya insha yake inadai jambo bila ushahidi, au herufi fulani katika aya fulani. Sheikh aliyesikiliza Minhaji hakusema umesoma vibaya, alisema rudia neno hili.

La pili, onyesha njia. Ukiondoa kitu mkononi mwa mtu, mpe kingine. Hilo ndilo tunalojifunza kwenye Kurani ya Farsy.

La tatu, mpe nafasi ya kurudia. Mrejesho unaokuja baada ya mtihani kufungwa na alama kupelekwa ofisini ni kama dawa inayoletwa matangani. Jibril (A.S.) alikuwa akimpitishia Mtume (S.A.W.) Kurani kila Ramadhani, na mwaka wa mwisho mara mbili. Ikiwa mbora wa viumbe alirudia, sisi ni nani tutoe hukumu mara moja tu?

La nne, chunga heshima ya mtu. Kosa la mtoto lisiwe kichekesho cha wenzake. Mtume (S.A.W.) aliitika salamu ya yule mtu kila aliporudi, kabla ya kumwambia lolote juu ya sala yake. Hiyo salamu ni sehemu ya somo.

Na kuna la tano ambalo linatuhusu sisi tunaosahihishwa. Yule mtu aliomba afundishwe. Mimi insha yangu niliificha chini ya begi. Baada ya kuisoma habari hii nilimwandikia mhadhiri wangu nikaomba dakika kumi za kuzungumza nami kwa simu. Alikubali, na kwa sauti yake niliona kwamba hakuna aliyewahi kumwomba. Akaniambia nimekusanya maoni ya wanavyuoni sita vizuri sana, lakini hakuna mahali niliposema mimi naona lipi lina nguvu na kwa nini. Kwa hiyo kulikuwa na jambo zuri ndani yake, na kulikuwa na pengo moja. Maneno hayo mawili yangetosha kuandikwa pembeni mwa karatasi. Sikumlaumu, ana makaratasi mengi kuliko saa za usiku. Lakini sasa najua nifanye nini muhula ujao.

Kuhusu yule mtoto

Nilikwenda kwao. Mama yake anafanya biashara ndogo ndogo ya kuvuka mpaka kwenda Bukavu, na alikuwa ndiyo kwanza amerudi, ndoo bado ziko mlangoni. Alinikaribisha kwa heshima nisiyoistahili. Akaniambia mtoto wake alimweleza kwamba Mungu hakumpa ulimi wa Kurani. Maneno hayo sitayasahau maisha yangu, kwa sababu niliyemwambia ni mimi, ingawa sikuyatamka.

Nikamwomba mtoto msamaha mbele ya mama yake. Kisha tukakaa kizingitini. Nikamwambia kwamba ra anayo, tena nzuri, kila anapolitaja jina la nchi yake. Kilichobaki ni lamu tu. Nikamwonyesha ncha ya ulimi inavyogusa nyuma ya meno ya juu na kutulia pale bila kuruka, pumzi ikipita pembeni. Tukatafuta maneno anayoyajua, lala, leo, lima, tukayasema kama mchezo mpaka dada yake mdogo akaja kucheza nasi. Baada ya hapo ndipo tukarudi kwenye Fatiha, pole pole.

Jumamosi iliyofuata alikuja, akakaa nyuma kabisa. Sikumwita kusoma mbele ya wenzake. Mwisho wa darasa alikuja mwenyewe akanisomea peke yangu. Lamu mbili zilikaa sawa, ya tatu ikateleza. Nikamwambia zile mbili ni zipi, na ile moja ni ipi, na kwa nini. Akarudia.

Kwenye daftari lake ile sifuri bado ipo, sikuifuta. Chini yake nimeandika herufi aliyoiweza na herufi tunayoishughulikia, na tarehe. Kila Jumamosi tunaongeza mstari.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaofundisha kwa upole na wanaofundishika bila kiburi. Awarehemu walimu wetu wote waliotangulia, tunaowajua na tusiowajua. Amin.

Wabillahi tawfiq.